Vidonge vya vimeng'enya baada ya pombe: namna ya kuvitumia, na wakati wa kuviacha farmasini

Jumatatu asubuhi, kwenye farmasi za Lubumbashi, kuanzia mtaa wa Kenya hadi ule wa Katuba, ombi ni lile lile: "Mama, nipe dawa ya kusaga chakula, jana tulikunywa." Mnunuzi anapewa plaketi ya vimeng'enya, anameza viwili papo hapo, anakwenda kazini akiamini pombe itasagika njiani. Kwa namna hiyo amemeza bure. Vidonge hivi vina kazi yake, na wapo watu ambao hawawezi kuishi vizuri bila hivyo, ila kazi hiyo si ile inayotangazwa sokoni.

Kimeng'enya cha kwenye kidonge hukata chakula. Lipazi hukata mafuta, protiazi hukata protini za nyama na samaki, amilazi hukata wanga wa bukari (ugali). Pombe haimo kwenye orodha hiyo kwa sababu haihitaji kukatwa. Inapita kama ilivyo: karibu asilimia 20 hupenya kwenye ukuta wa tumbo, sehemu iliyobaki kwenye utumbo mwembamba, na kuingia moja kwa moja katika damu. Kuiondoa humo ni kazi ya ini, kwa vimeng'enya vyake lenyewe. Cha kwanza hugeuza pombe kuwa asetaldehidi, sumu inayochangia kichefuchefu na moyo kwenda mbio. Cha pili hugeuza asetaldehidi kuwa asetati, ambayo mwili unaimudu. Dawa ya kusaga chakula haigusi hatua yoyote kati ya hizo mbili, kwa sababu haifiki huko: inabaki ndani ya utumbo, wakati pombe imeshahamia kwenye damu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chupa kubwa ya sentilita 72 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 28 hivi za pombe tupu. Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa, basi chupa moja inachukua saa 3 hadi 4. Aliyeanza saa moja jioni na kumaliza chupa nne ana gramu 113 za kuondoa, na kazi hiyo inaweza kuisha kidogo baada ya saa kumi na mbili asubuhi au ikasogea hadi saa tano asubuhi. Manseba (dereva wa pikipiki ya abiria) anayepanda pikipiki saa kumi na mbili asubuhi akiwa amemeza vimeng'enya bado ana pombe kwenye damu, sawa na asiyemeza kitu. Kahawa haipunguzi saa hizo, kuoga maji baridi hakupunguzi, na kidonge hakipunguzi.

Hatua ya 1: jua tumbo linalalamikia nini

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu "tumbo linasumbua" ni malalamiko matano au sita tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Kama ni moto kifuani au maji machungu yanayopanda kooni, shida ni asidi. Pombe huchubua utando wa tumbo na kulegeza mlango ulio kati ya tumbo na koo la chakula, ndiyo maana moto huzidi ukilala. Vimeng'enya havizimi asidi, na protiazi ikikutana na tumbo lililochubuka inaweza kuzidisha uchungu. Dawa ya kutuliza asidi ndiyo yake, pamoja na kuinua upande wa kichwa wa kitanda kwa sentimita 15 hadi 20 (weka tofali chini ya miguu ya kitanda, mito miwili inakunja tumbo tu) na kulalia ubavu wa kushoto.

Kama tumbo limejaa na unapiga mbweu mfululizo muda mfupi baada ya bia, ni gesi ya chupa. Tembea kidogo, subiri. Simetikoni inaweza kusaidia. Kimeng'enya hakikati gesi.

Kama gesi na kuhara vinakuja baada ya maziwa, shida inaweza kuwa sukari ya maziwa, na kimeng'enya chake ni laktazi peke yake. Kama ni gesi baada ya maharagwe, kinachotakiwa ni alfa-galaktosidazi. Pankreatini, ambayo ndiyo iliyomo kwenye baadhi ya vidonge vya kusaga chakula, haina chochote kati ya hivyo viwili. Mtu anaweza kumeza boksi zima la pankreatini na maharagwe yakaendelea kumsumbua vile vile.

Kama ni uzito tu, chakula kimekaa juu kama hakishuki, kumbuka ulichokula nganda (baa). Michopo (nyama choma) yenye mafuta, ngozi ya nguruwe ya kukaanga, pilipili nyingi, na juu yake pombe kali: mafuta hupunguza mwendo wa tumbo kumwaga chakula, na pombe kali hupunguza zaidi. Hapa vimeng'enya vinavyomezwa pamoja na chakula huenda vikasaidia kidogo. Kwa mtu ambaye kongosho lake (kiungo kilicho nyuma ya tumbo) ni zima faida hiyo ni ndogo, kwa sababu kongosho zima hutoa vimeng'enya vingi kuliko mlo unavyohitaji. Kupunguza mafuta kwenye sahani na kula saa 3 kabla ya kulala kunasaidia zaidi, na hakuna bei.

Halafu kuna choo cha mafuta. Choo kikubwa, cheupe-njano, kinachong'aa, kinachoelea, kinanuka kuliko kawaida na kinang'ang'ania kwenye choo hata ukimwaga maji ndoo mbili. Mwili nao unakonda ingawa unakula. Kwa mtu aliyekunywa sana kwa miaka, hii ni dalili kwamba kongosho limechoka. Pombe ni moja ya sababu kubwa za ugonjwa sugu wa kongosho duniani. Hapa vimeng'enya ni tiba halisi, kwa kipimo cha munganga (daktari), na kwa kawaida ni vya maisha.

Maumivu makali ya ghafla juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika kusikokoma, na mgonjwa anapata nafuu kidogo akiinama mbele: kongosho linaweza kuwa linawaka moto wakati huo huo. Usimeze kimeng'enya chochote, usile, nenda hospitali usiku huo. Maelezo ya dawa nyingi za pankreatini yanakataza kuitumia katika hali hiyo.

Hatua ya 2: soma boksi kabla ya kulipa

Nguvu ya kimeng'enya hupimwa kwa yuniti. Miligramu huonyesha uzito wa unga tu. Boksi linaloandika "mchanganyiko wa vimeng'enya miligramu 500" bila yuniti halikuambii kitu: unga huo unaweza kuwa umekufa zamani. Uliza waziwazi: "Mama, hii dawa iko na yuniti ngapi ya lipazi?" Kapsuli za pankreatini zinazoaminika huandika 10,000 au 25,000 mbele kabisa, na hiyo ndiyo lipazi.

Angalia pia umbo. Lipazi hufa kwenye asidi ya tumbo, kiwango cha pH kikishuka chini ya 4. Kwa hiyo kapsuli nzuri ina punje ndogo zilizofunikwa, zinazopita tumboni salama na kufunguka kwenye utumbo mwembamba. Kidonge cha unga usiofunikwa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu kabla ya kufika.

Dawa zinazopatikana kwa wingi na kwa bei nafuu ni za aina nyingine: vimeng'enya vya ukungu (kuvu) au papaini ya papai, mara nyingine zikichanganywa na mkaa wa dawa. Hizi zimekusudiwa uzito na gesi za kawaida. Haziwezi kutibu kongosho lililochoka. Ule mkaa nao haukamati pombe. Hukamata vizuri dawa nyingine, na hapo ndipo penye hatari, kama tutakavyoona hatua ya 5. (Wanaosema kula papai bivu kunatosha: papaini iko kwenye utomvu wa papai bichi. Papai likiiva imebaki kidogo sana. Kula papai kwa utamu wake.)

Pankreatini hutengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Wapo wanywaji wasiogusa nguruwe kwa imani, na wapo ambao mwili wao unamkataa. Hao wote waulize kabla ya kununua.

La mwisho katika hatua hii: plaketi isiwe imekatwa hadi tarehe ya kuisha ikapotea, namba ya loti iwepo kwenye boksi na kwenye plaketi, na zifanane. Vimeng'enya ni protini, na joto huviua. Vile vinavyotembezwa kwenye beseni juani ni unga tu, hata kama havijaperime (havijapita tarehe).

Hatua ya 3: meza na tonge

Kimeng'enya na chakula lazima vifike kwenye utumbo pamoja. Kukimeza asubuhi kwa ajili ya michopo ya jana saa nne usiku ni kosa la kwanza kwa ukubwa, maana chakula hicho kwa sehemu kubwa kimeshapita.

Mlo mdogo: meza na tonge la kwanza. Mlo mkubwa unaoendelea nusu saa au zaidi, kama ilivyo nganda ambapo sahani inazunguka: gawa kipimo, nusu mwanzoni na nusu katikati. Umesahau na umeshanawa mikono? Ruka, subiri mlo unaofuata, usiongeze mara mbili.

Meza kwa maji ya kawaida, glasi nzima, ukiwa umekaa wima. Kumezea bia haifai, wala chai ya moto, kwa kuwa joto hufungua punje mapema. Usitafune. Punje zikivunjika mdomoni huchubua ulimi na fizi, na protiazi inaanza kukata ngozi ya mdomo wako. Asiyeweza kumeza kapsuli anaweza kuifungua na kumwaga punje kwenye kijiko cha yogati au juisi ya chungwa, ameze mara moja bila kutafuna, kisha anywe maji. Usimwage kwenye uji wa moto, na usiandae mapema ukaweka.

Bia yenyewe bila chakula haihitaji kidonge. Njugu au mayai mawili ya kuchemsha ni kama mlo mdogo. Glasi ya maziwa pia, kwa mwenye kongosho lililochoka.

Hatua ya 4: kiasi

Kwa mgonjwa wa kongosho sugu, kipimo cha kuanzia ambacho madaktari wengi hutumia ni yuniti 40,000 hadi 50,000 za lipazi kwa kila mlo mkubwa, na nusu yake kwa mlo mdogo. Kwa kapsuli za 25,000 hiyo ni mbili na bukari, moja na kitafunio. Kwa kapsuli za 10,000 ni nne au tano na bukari, jambo linalowashangaza wagonjwa wengi hadi wanameza moja na kudai dawa haifanyi kazi. Kipimo kidogo mno ndicho sababu ya kwanza ya choo cha mafuta kuendelea. Sababu ya pili ni kumeza wakati usiofaa. Sababu ya tatu ni asidi nyingi, na hapo munganga huongeza dawa ya kuipunguza kama omeprazoli.

Mpaka wa juu unaotajwa katika maelezo ya dawa ni yuniti 10,000 za lipazi kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 ni 600,000, mbali sana na matumizi ya kawaida, ila usiukaribie bila munganga: vipimo vikubwa mno vimewahi kusababisha kovu kwenye utumbo mpana.

Mtu mzima wa afya anayetumia vile vya papaini au ukungu afuate maelezo ya boksi, kwa milo mizito tu, siku mbili tatu. Akiona anavihitaji kila siku, kuna ugonjwa chini yake, na kidonge kinauficha.

Jambo moja linatakiwa kusemwa bila kuzungusha. Mwenye kongosho lililoharibiwa na pombe hawezi kutumia vimeng'enya kama ruhusa ya kuendelea kunywa. Vidonge vinasaga chakula chake. Pombe inaendelea kuua kongosho, na baadaye kisukari hufuata. Na aliyezoea kunywa kila siku asikate ghafla akiwa peke yake: kutetemeka na kifafa vinaweza kuanza ndani ya saa 6 hadi 48. Aache chini ya uangalizi.

Hatua ya 5: visivyokaa pamoja

Dawa ya asidi yenye kalsiamu au magnesi inaweza kupunguza nguvu ya vimeng'enya. Itenge na mlo uliomezea kidonge.

Mkaa wa dawa hukamata vidonge vingine tumboni, vikiwemo vya uzazi wa mpango na vya presha. Acha angalau saa 2 katikati, zaidi ni bora.

Papaini na bromelaini, ile ya nanasi, zinaweza kuongeza kutoka damu kwa anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Mgonjwa wa kisukari anayetumia akabozi ajue kwamba amilazi inafanya kazi kinyume na dawa yake.

Flagyl inastahili mstari wake. Hapa kwetu tumbo likinguruma tu watu wanaikimbilia, hata usiku huo huo wa pombe. Maelezo yake yanakataza pombe wakati wa kuitumia na siku kadhaa baada ya kumaliza, kwa hofu ya kutapika, uso kuwaka na moyo kwenda mbio. Nayo ni dawa ya vijidudu, chakula haisagi.

Dawa za maumivu: aspirini, ibuprofeni na diklofenaki juu ya tumbo lililochubuliwa na pombe huweza kulitoa damu. Paracetamol ni afadhali kwa tumbo, lakini ini linailipia. Anayekunywa sana asizidi gramu 2 kwa siku nzima, yaani vidonge 4 vya miligramu 500, na asimeze akiwa bado amelewa.

Asubuhi yenyewe

Kinachosaidia mwili baada ya ulevi ni maji, chumvi, sukari, usingizi na saa. Lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Au pakiti ya SRO (chumvi na sukari za kuchanganya na maji) kutoka farmasi. Kunywa funda ndogo ndogo, kwa sababu glasi nzima kwa mara moja hurudi. Kisha uji mwepesi au ndizi mbivu, na saa mbili tatu baadaye bukari kidogo na mboga isiyo na mafuta mengi. Sombe (kisamvu) iliyojaa mawese iachwe kwa jioni. Chupa ya "kuzimua" inaahirisha tu yale yale.

Dalili ambazo hazingoji farmasi: kutapika damu au kitu kama masalia ya kahawa, choo cheusi kinachonata kama lami, macho ya njano, maumivu ya kupenya mgongoni yaliyotajwa juu, mtu asiyeamshika, au anayepumua chini ya mara 8 kwa dakika. Huyo wa mwisho mlaze ubavu, usimpe kitu mdomoni, mpeleke. Kwa waliokunywa lutuku (pombe kali ya kienyeji), macho kuona ukungu saa 12 hadi 24 baadaye ni ishara ya methanoli (pombe yenye sumu), na hapo kila saa inahesabika, hata kama mgonjwa anatembea na kuongea.

Kuhifadhi

Maelezo ya kapsuli nyingi yanataka joto lisizidi nyuzi 25. Juni na Julai Lubumbashi haina shida. Oktoba, chini ya mabati, ni mambo mengine. Weka kwenye chumba chenye kivuli, mbali na jiko la makala (mkaa), ndani ya sanduku lililofungwa. Usiache mfukoni au kwenye gari. Kapsuli zilizolainika au zilizoshikamana zitupe. Chupa iliyofunguliwa ina muda wake mfupi zaidi ya ule wa kwenye boksi, basi andika juu yake tarehe uliyoifungua.

Kipimo cha kuomba

Choo cha mafuta kikiendelea zaidi ya wiki mbili, omba kipimo cha elastazi ya choo. Si kila labo inacho, uliza kwanza kabla ya kubeba sampuli mjini. Matokeo chini ya mikrogramu 200 kwa gramu yanaashiria kongosho halitoi vya kutosha. Chini ya 100, upungufu ni mkubwa. Chukua choo chenye umbo: choo cha majimaji hupunguza namba kwa uongo, na mgonjwa wa kuhara anaambiwa ana kongosho bovu wakati hana. Kama tayari unameza pankreatini huna haja ya kuacha kabla ya kipimo, kwa sababu kinatafuta elastazi ya binadamu na ile ya nguruwe hakiioni.